Kitundu cha Waya Upande wa Utingo

“Ukilitia mkasi hilo, dada, usiniite tena kaka yako.”

“Sijakuita mimi. Umekuja mwenyewe. Shika pindo hapo, usilegeze.”

“Silishiki. Nalilalia!”

Na kweli Hedley Giddings, mzee mzima na tumbo lake, akapanda juu ya meza ya kushonea ya dada yake Avice, akalala kifudifudi juu ya turubai kuukuu la lori la jeshi, mikono kaitanua kama kunguru aliyetundikwa shambani kutisha wenzake. Avice akabaki na mkasi hewani. Akanigeukia mimi.

“Shangazi Queenie, mwambie ashuke.”

“Mimi nimekuja kuazima sukari tu,” nikasema.

Sukari ninayo tele. Lakini huendi kwenye ugomvi wa watu bila sababu, lazima uwe na shida mkononi. Na huyo Avice si mpwa wangu kwa damu. Ni jirani, ua wake na wangu umegawanywa na kichaka tu. Chitterbourne nzima inaniita shangazi, maana walioweza kuniita jina jingine nimekwisha kuwazika.

Walikuwa wanagombania kitundu. Kitundu chenyewe hakizidi ngumi ya mtoto, kina kifuniko chake cha turubai na vifungo. Enzi za vile vita vikuu, lori la mafundi wa redio lilivikwa turubai lenye kitundu hicho ubavuni ili waya upite. Sasa turubai hili alilolilalia Hedley, kitundu chake kiko upande wa utingo. Na chama cha magari ya jeshi, kwa kinywa cha mkaguzi wake bwana Dunkerley, kinasema kitundu kinatakiwa kiwe upande wa dereva. Maonyesho ni Jumamosi. Lori ambalo kitundu chake kiko pabaya halipangwi mstarini na wenzake. Linaegeshwa kule nyuma, baina ya vyoo na muuza soseji, na watoto wanaliegemea na mikono ya mafuta.

Mwenye lori ni Clement Maslen, mkamuaji ng'ombe mstaafu, ambaye amelihangaikia lori lake hadi mkewe humwita “mume wa yule”. Hilo turubai alilikuta kwenye ghala la nyasi la mjane mmoja nyuma ya kilima, limefunika viazi tangu vita viishe. Alilileta kwa Avice kwenye toroli, analisukuma polepole kama anasukuma mgonjwa. Akamwambia, “Avice, hamisha kitundu, nami nisimame mstarini mara moja kabla sijafa.” Kazi ya Avice ilikuwa kuziba kitundu cha utingo na kutoboa kipya kwa dereva. Kazi ya asubuhi moja. Basi mbona kaka mtu kalala mezani?

Ngoja kwanza mumjue Avice.

Baba yake alikuwa mshona mahema ya gulio na majoho ya farasi, na yeye aliacha shule mapema kama mimi, ila mimi niliifukuza shule na yeye shule ilimfukuza. Akaolewa na Ivor Pocock, fundi wa matrekta. Sisi tunakaa ukingoni mwa ile nyanda ambako jeshi hufanya mazoezi, vifaru vinapita mpaka kondoo wetu hawainui hata kichwa, na vikombe vyangu hutembea vyenyewe rafuni. Ninacho kimoja kilitembea hadi kijiji cha pili, kikarudi baada ya wiki na kisahani. Msicheke. Kisahani ninacho.

Siku moja Ivor akanunua kijigari cha jeshi kilichokuwa kinalaza kuku, akaanza kukikwangua. Hawa watu wa magari ya jeshi hawakwangui kama wewe unavyokwangua sufuria. Wanalowesha msasa, wanasugua taratibu, ganda kwa ganda, kama wanaomenya kitunguu wasitake kulia. Wakifika kijani wanasimama, wanaitana, wanakunywa chai. Chini ya kijani wanakuta kahawia. Chai tena. Chini ya kahawia kijani kingine, na hapo ndipo ugomvi. Hedley ndiye bingwa wao wa rangi. Nilikuwapo siku aliyosimamisha jeneza la mchinja nyama katikati ya barabara, akamwambia mchungaji ile rangi nyeusi ya gari la maiti si ya mwaka wake. Marehemu mwenyewe akagonga mfuniko kutaka waendelee.

Basi kijigari cha Ivor kikahitaji viti, Avice akavishona. Wenzake Ivor wakaviona. Tangu hapo wanaume wakaanza kuja kwake kutoka pembe zote za nchi, wamebeba matambara yaliyooza kama waliobeba watoto wachanga. Na yeye alikuwa na sheria moja tu: anashona alichokiona, si anachokidhani. Ikiwa fundi wa wakati wa vita alipitisha sindano upogo, naye anaipitisha upogo vilevile. Uzi wa kitani, nta ya nyuki, pete za shaba. Cherehani lake lilikuwa la watengeneza matandiko ya farasi wa jeshi, zito hata waliolibeba wawili walirefuka mikono. Likishika kitu haliachii. Liliwahi kumshona mchungaji kijana suruali pamoja na hema la harusi, akafungisha ndoa akiwa amevaa hema zima, na maharusi ndani yake. Mimi ndiye niliyeshika vifungo.

Haya. Jumatatu bwana Dunkerley alimletea picha kubwa za turubai la mfano, lililoko kwenye jumba moja la makumbusho kule kaskazini. Hilo ndilo wanalopimia wote, maana lina muhuri: mshale wa serikali na mwaka, umegongwa pembeni kwa wino mweusi. Avice hajapata kwenda huko. Alikuwa akiletewa michoro tu, naye akishona kwa michoro hiyo. Malori mengi yamevaa kazi yake. Lakini Jumatatu aliweka picha chini ya taa, akachukua lenzi ya marehemu Ivor, akaangalia mwisho wa mshono, halafu akakaa chini sakafuni.

“Ni mkono wangu,” akamwambia kaka yake, na sasa analirudia kwangu, mkasi bado hewani. “Shangazi, mwisho wa kila mshono mimi narudi nyuma, halafu naweka mshono mmoja wa kulala, kama sharubu la paka. Kidole gumba changu kilivunjwa na farasi wa baba, hakinyooki. Hakuna mwingine anayeweka hivyo. Na kwenye picha upo.”

“Kwa hiyo turubai la makumbusho umelishona wewe,” nikasema.

“Mimi. Hapa hapa mezani. Nilimshonea Lionel Thrupp, aliyekuwa na lori kama la Clement, mwaka wangu wa kwanza.”

“Na muhuri wa serikali nao umeushona wewe?”

“Muhuri ni wa kweli!” akapaza sauti Hedley kutoka mezani, mdomo umebanwa na turubai. “Lionel alikuwa na turubai la kweli limeoza lote isipokuwa kona moja. Akamwambia, nishonee jipya, lakini kona uiingize humo humo. Sote tungemwambia vile vile. Kitu cha zamani, hata kama ni saizi ya kiganja, hukitupi.”

“Basi Lionel akafa,” akasema Avice. “Lori likauzwa, likauzwa tena. Likanyeshewa, njiwa wakalinyea, jua likalikausha. Akaja mtu mwenye kamera akakuta muhuri.”

Hapo mimi kichwa kilianza kuzunguka kidogo. Nikaomba chai. Avice akaweka mkasi chini apate kumimina, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu.

“Sasa nieleze polepole,” nikamwambia. “Turubai ni lako, kona ni ya jeshi. Kitundu ni cha nani?”

“Ndicho ninachouliza mimi!”

“Si ulikitoa kwenye lile lililooza?”

“Nilikitoa humo. Lakini nililitandika sakafuni lile bovu ili nilichore. Nililitandika mgongo juu au tumbo juu? Sikumbuki. Kama tumbo lilikuwa juu, basi kila kitu kimegeuka.”

“Kimegeukaje?”

Hedley akainua kichwa. “Vua sweta lako, shangazi.”

“Mimi ni mjane anayejiheshimu.”

“La vifungo, hilo la juu! Lina mfuko mmoja tu, uko wapi?”

Nikaangalia. “Mkono wa kulia, wenye leso.”

“Lipindue ndani nje, uvae.”

Nikalipindua, nikavaa. Mfuko ukaenda kushoto. Nikalivua, nikalirudisha, ukarudi kulia. Nikarudia tena nikijitazama kwenye kioo cha dirisha, ukawa haupo kulia wala kushoto, uko kwenye dirisha. Leso ilianguka wapi hata sijui.

“Unaona?” akasema Avice. “Sasa, je, nilimvisha Lionel sweta kwa ndani?”

“Lile bovu liko wapi tukaliangalie?”

Hedley akamtazama dada yake. Kisha Avice akasema, “Ivor alilichoma. Ule usiku wa mioto ya Novemba. Alivishwa yule mtu wa majani tunayemchoma kila mwaka juu ya kuni.”

Nilikuwapo usiku huo. Moto wake uliwaka kijani na mtu wa majani akapiga saluti, lakini sikusema, haukuwa wakati wake.

“Basi mambo ni mawili,” akasema Avice akihesabu kwa kidole chake kibovu. “Ama mimi nilikosea, na turubai la Clement ndilo la haki, na pengine limebaki peke yake. Ama mimi nilipatia, na hili la Clement mtu alilihamishia kitundu baada ya vita. Bwana Dunkerley anasema kimehamishwa. Hili halina hata muhuri, kona imeliwa na panya. Niamini lipi, lenye muhuri au lililofunika viazi?”

“Hata kama kimehamishwa, turubai halikatwi!” akasema Hedley.

“Clement anataka mstari, Hedley! Si wewe unayekaa karibu na vyoo.”

“Kwani kiraka hicho ni cha nini?” nikauliza.

Nilikuwa nimekiona muda, kinachungulia chini ya kwapa la Hedley. Upande wa dereva, pale pale ambapo kitundu kilitakiwa kiwe, palikuwa na kiraka cha mraba, kimeshonwa kwa uzi mnene.

“Hicho ndicho alichokionyesha bwana Dunkerley,” akasema Avice. “Anasema chini yake kuna kitundu kilichozibwa.”

“Si mfumue mwone?”

Hedley akafurukuta pale pale mezani kama samaki. “Kifumuliwe! Na kama kiraka ni cha jeshi? Uzi umo humo tangu vita! Ukiufumua umeua ushahidi ili uuone ushahidi.”

“Na nisipofumua natia mkasi gizani,” akasema Avice. “Chagua.”

“Sichagui.”

“Basi dada atakata na wewe ukiwa humo,” nikamwambia. “Fumueni pembe moja. Sindano ipite palepale ilipopita, mchungulie, mrudishe. Hata daktari huchungulia.”

Hedley alifikiri sana. Mwisho akasema sawa, lakini tumshushe, nyonga imekaza. Tukamvuta mmoja mguu mmoja mkono. Aliposhuka sakafu ililia, au yeye.

Avice akaosha mikono. Hapo ndipo ninapompenda huyu mwanamke. Akachukua msharasi mwembamba, ile sindano ya mshona viatu, akaanza kuinua uzi, mshono mmoja mmoja, na kila kipande cha uzi akakiweka kwenye kisahani kwa mpangilio wake, Hedley akakilinda na pumzi yangu kwa viganja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi, na mashahidi ninao.

Pembe ikafunguka. Avice akaiinua kwa ncha ya kidole, akasogeza taa.

Hapakuwa na kitundu. Palikuwa na matobo madogo yaliyopangana mstari, na mchaniko umeshuka kutoka kwenye moja. Mimi nimeshika uma wa kutupia nyasi tangu utotoni, meno yake ninayajua kama yangu ya zamani. Kibarua wa yule mjane aliutupa vibaya ukachoma turubai, akalishona kwa uzi wa magunia. Turubai lilikuwa zima kote pembeni mwake. Hakuna mshono wa kuzungushia tundu, hakuna alama ya kifungo.

“Hapajawahi kutobolewa,” akasema Hedley kwa sauti ndogo. Alikuwa ameshinda, na hakuonekana mshindi hata kidogo.

“Basi ni mimi,” akasema Avice. “Nililichora tumbo juu.”

“Pengine,” akasema Hedley. “Au pengine mafundi wa vita walitoboa upande wowote. Kulikuwa na viwanda vingi. Huyu alitoboa huku, yule kule, na lile la Lionel lilikuwa kwa dereva kweli.”

“Unaliamini hilo?”

“Sijui ninachoamini. Tangu Jumatatu sijui hata rangi.”

Avice akavuta kiti, akakaa, akaangalia mikono yake. “Yule bwana wa Cornwall,” akasema.

“Nani?”

“Aliniletea turubai zuri, Hedley. Zuri kuliko hili. Kitundu upande wa utingo. Nikamwambia, baba, lako limekosewa, angalia mchoro. Nikakihamisha. Nililikata mwenyewe, nikatupa kipande.” Akahesabu vidoleni. “Na yule Mholanzi. Na wale ndugu wawili. Wote niliwaambia wamekosea.”

Nikaona macho yake yanajaa, nami siwezi kuona mtu analia bila kumpa uongo kidogo wa kujifutia. Nikamwambia, “Mwanangu, hii ni rahisi. Waambie mimi nililiona lori lenyewe wakati wa vita. Nilikuwa msichana, lilisimama pale kisimani, lilikuwa na vitundu pande zote mbili, na jenerali ndani anachungulia huku na huku kama kuku kwenye tenga. Kila mtu atakuwa amepatia.”

Hedley akanitazama kwa tamaa. Haki ya Mungu, kwa dakika nzima alikuwa anaupima ule uongo. “Wataandika,” akasema. “Bwana Dunkerley anapenda sana mashahidi.”

“Hapana,” akasema Avice.

“Vitundu viwili tu, dada. Na shangazi ni mzee, hawatamhoji sana.”

“Nimesema hapana. Uongo wenu baada ya miaka ishirini utakuwa na muhuri.” Akajipangusa kwa aproni. “Hili la Clement silikati. Nalirudishia kiraka chake kama kilivyokuwa, na uma wake, na viazi vyake.”

“Clement atakwenda kukaa vyooni.”

“Hatakaa. Nitasema.”

“Utasema nini? Kwamba lile la kaskazini si la vita? Watu wamepimia lile kwa miaka. Yule Dunkerley ameisimamia ile picha kama baba anavyomsimamia binti wa kuolewa. Nani atakuletea kazi tena?”

“Farasi bado wanavaa majoho.”

Akachukua sindano, akatia uzi ule ule wa magunia vipande kwa vipande kutoka kwenye kisahani, pale ulipokuwa mfupi akaunganisha kwa nta, na kila mshono akaurudisha kwenye tundu lake la zamani. Sijamwona akishona taratibu hivyo. Alipofika mwisho, kidole chake kibovu kikataka kwenda kuweka ule mshono wa kulala. Akakizuia kwa mkono wa pili, akakata uzi.

Mimi bado nilikuwa na swali. “Lakini, Avice, kama hujui uliligeuza au hukuligeuza, utamwambia mkaguzi umekosea, halafu ikiwa hukukosea?”

“Nitamwambia ninachokijua. Nitamwambia sijui.”

“Mtu hamwambii mkaguzi kwamba hajui,” akasema Hedley. “Wao ndio wanajua.”

“Nitamwambia hivi: bwana Dunkerley, lile turubai la kaskazini nimelishona mimi kwa mkono huu, kona tu ndiyo ya serikali, na upande wa kitundu…”

Mlango wa banda ukasukumwa. Bwana Dunkerley akaingia na mvua yake, anakung'uta kofia, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, na nyuma yake Clement Maslen na suti yake ya kanisani, anatabasamu kwa wote.

“Endelea, endelea, bibi Pocock,” akasema bwana Dunkerley. “Upande wa kitundu umefanyaje?”

Avice akavuta ile picha ya turubai la kaskazini, akaweka kidole chake kibovu juu ya mwisho wa mshono.